Njia Tatu na Kalamu Moja

Saa tano usiku, meza ya jikoni, Chauvin.
Ramani ya karatasi imetanda hadi kwenye sahani ya maganda ya kamba,
pembe moja imelowa mchuzi: ndiyo pembe yetu.
Alcide ameweka kikopo cha chumvi juu ya Houma
ili feni isitupeperushie mji.
Televisheni haina sauti. Kijana wa hali ya hewa
anaipapasa Ghuba nzima kwa kiganja,
na ile koni yake nyeupe imetandikwa kutoka Texas hadi Florida
kama shuka la mgonjwa asiyejua alalie ubavu upi.

Njia ya mashariki: Slidell, kisha juu, Hattiesburg.
Kuna misonobari, na moteli isiyochukia mbwa.
Lakini ubavu wa kulia wa kimbunga ndio wenye meno,
na kwenda huko ni kupita mbele ya kinywa
tukiomba kiwe kimeshiba.

Njia ya magharibi: Lafayette, Lake Charles, Houston.
Mwaka ule tuliifuata.
Saa kumi na tisa barabarani, petroli kwa foleni na matusi,
Remy akajisaidia katika kopo la kahawa.
Tukafika. Tukavua viatu.
Kimbunga kikageuza shingo
kikatufuata hadi hotelini kama mdai.

"Au tubaki," anasema Alcide, haniangalii.
"Nyumba iko juu ya nguzo. Futi kumi na mbili."
Mama yake, kutoka kitini, bila kufumbua macho:
"Maji hayapandi ngazi kwa kupiga hodi, mwanangu."
Pembeni yake mashine ya hewa inakoroma.
Betri yake hudumu saa nne.
Hiyo ndiyo rula yetu. Naiweka juu ya kila njia
na kila njia inazidi rula.

Isipokuwa kaskazini.
Kaskazini, siku ya kawaida, ni saa tatu na nusu:
Opelousas, Bunkie, Alexandria, halafu kibarabara cha kokoto
ambacho ramani haina jina lake, ila mimi ninalo.
Hapo kalamu inasita.
Miaka sita sijasema na Delphine, mdogo wangu wa pekee,
kwa ajili ya friza la Baba,
friza la kamba, lenye kutu, mfuniko umepinda,
ambalo hakuna kati yetu aliyelihitaji.
Nilishinda mimi. Liko bandani. Lina ndoo za rangi.

Nimeze mate? Nimeze nini?
Napiga simu, moyo konde.
Anapokea kabla haijalia mara ya pili.
Hasemi halo.
"Mashine ya mama mkwe wako," anasema,
"plagi yake ina meno mawili au matatu?"
Kisha, kwa haraka, kama anayesoma:
"Msifuate barabara kuu baada ya Bunkie, itajaa.
Kateni kulia penye kiwanda cha pamba.
Ondokeni kabla ya saa kumi. Mbwa aje."
Nyuma yake nasikia karatasi ikikunjwa,
karatasi kubwa, yenye mikunjo mingi,
na naelewa kwamba mezani kwake pia
kuna kalamu.

Saa tisa na robo. Hati kwenye mfuko wa mchele, dawa,
picha ya harusi iliyotolewa kwenye fremu.
Alcide amekaa kwenye trela anauliza tupakie nini,
mashine ya kukatia nyasi au jenereta bovu.
Namwonyesha bandani.
"Lile? Lina kutu. Na zito."
"Ndiyo."
Ananitazama, kisha anaitazama ile njia ya wino
mkononi mwangu, inavyopanda.
Anamwaga ndoo za rangi nyasini.
Tunaliinua, huku na huku, mfuniko ukigongagonga,
upepo bado hauna jina la kutisha,
unachezea tu ukingo wa turubai.

Betri imejaa.
Naanza kuhesabu.