Daftari la Mashineni

Foleni ya kusaga hapa Tandala huanza kabla ya jua,
na umeme huja ukijisikia.
Ndiyo maana nikaweka sanduku la vitabu juu ya magunia ya pumba,
na daftari la kurasa mia, na kalamu niliyoifunga kwa uzi
kwa sababu ya kwanza ilipata miguu.
Sharti moja tu: ukirudisha, andika umekionaje.
Usiniandikie "kizuri". Hata debe jipya ni zuri.

Obadia Chaula, aliyechukua kile cha mpelelezi:
"Muuaji nilimjua ukurasa wa kumi na tatu.
Nikanyamaza, nisimharibie mpelelezi kazi."

Bi Yusta Tweve, riwaya ya mapenzi yenye waridi kwenye jalada:
"Huyu mwanamume anaongea kurasa mia mbili.
Hajapasua hata ukuni mmoja."
Chini yake mwandiko mwingine, bila jina:
"Wewe Yusta, wa kwako hakuongea wala hakupasua."
Mwandiko niliujua. Wiki ile niliwapangia siku tofauti za kusaga.

Mwongozo wa magonjwa ya viazi ulirudi umelowa.
Enea Mbilinyi hakuomba radhi:
"Picha ya ukurasa wa arobaini ni shamba langu la mwaka juzi.
Nimelia. Mtunzi hana huruma, ila hasemi uongo."
Sijaona riwaya iliyosifiwa hivyo.

Cha mapishi ya samaki wa baharini
kimeazimwa mara tisa, na watu wa maharage.
"Kitamu," kaandika mtoto wa darasa la nne,
"ila pweza sijampata."

Kitabu cha mashairi:
"Kina nafasi nyingi tupu pembeni.
Nimepigia humo hesabu ya mbolea. Samahani."
Hesabu yenyewe ilikosewa. Nimeisahihisha.

Mzee Lutengano alichukua kamusi, akakaa nayo kipupwe chote.
"Nimelikuta neno *jalidi*.
Mwaka wa arobaini na moja huu inanichomea viazi usiku,
na mimi naiita tu ile nyeupe.
Sasa naijua jina.
Bado inachoma."

Na ile riwaya isiyo na mwisho
(kurasa ishirini za nyuma kuna mtu alifungia ugoro
kabla haijanifikia)
ndiyo inayogombewa kuliko zote.
Tamali anasema bibi harusi alirudi kwao.
Mwalimu Ilomo anasema hapana, mwandishi huyu hawezi.
Fundi baiskeli anasema alikufa,
maana anayekohoa ukurasa wa tano siku zote hufa.
Juzi walibishana mpaka umeme ukarudi,
mashine ikanguruma tupu,
na hakuna aliyeinuka kumimina mahindi.

Wananiuliza: na wewe, mwenye sanduku?
Mimi vitabu navifuta vumbi.
Kila nikifika aya ya pili kuna mtu anaita, "Funga mkanda!"
Ninachokijua vizuri ni hiki hapa, cha waandishi thelathini
wasioelewana.

Kina mstari mmoja haujakamilika.
*Nyota na Sayari*, nimeandika mwenyewe, tarehe tisa Juni,
Atukuzwe Fungo.
Mama yake alikuja na noti ya elfu tano, kaikunja mara nne:
kijana kaondoka usiku na lori la mbao,
kachukua koti la baba yake na hicho kitabu.
Nguo zote kaziacha.
Akataka kujua kilikuwa kinasema nini.
Nikapekua nimsomee neno la mtu aliyewahi kukiazima.
Hakuna aliyewahi. Yeye ndiye wa kwanza.
Nikamrudishia noti yake, nikamfungia pumba za kuku,
akasema asante kama mtu aliyepewa kitu kingine.

Nafasi ya maoni yake sijaikata.
Jioni unga unaijaza.
Asubuhi naipuliza.