Nusu Imekwenda Wapi

Kapasita mbili, pacha, nene kama betri za tochi,
nilizing'oa kwenye amplifaya ya bendi ya Isevya
iliyosambaratika kwa deni la sare.
Moja nikaijaza: volti kumi na mbili.
Nyingine tupu, kavu kama kisima cha Septemba.
Nikaziunganisha. Cheche ikalia, ta!
na mita ikasoma sita huku, sita kule.

Haki tupu, alisema Luhende,
aliyekuja kuazima bisibisi akakaa hadi saa nne.
Kila mtu kapata sita yake.
Mbona umenuna kama uliyedhulumiwa?

Kwa sababu, Luhende, nishati haihesabiwi
kama mafungu ya karanga.
Volti unaizidisha kwa yenyewe.
Kumi na mbili mara kumi na mbili: mia na arobaini na nne.
Sita mara sita: thelathini na sita,
ziwe mbili: sabini na mbili.
Hakuna tone lililomwagika mezani
na bado nusu imekwenda. Imekwenda wapi?

Luhende akatazama chini ya meza.
Kweli alitazama.

Nikasema ni cheche, ni pupa.
Haraka haraka haina baraka, ndivyo tulivyofundwa,
basi nikaweka rezista katikati
umeme upite kwa adabu, kama watu kwenye foleni ya zahanati.
Haukulia. Haukumulika.
Nikanywa chai hadi makapi, nikasoma:
sita. Sita.
Methali ikanitazama, nami nikaitazama.

Wiki nzima nikawa si mtu nyumbani.
Nyamizi ananiuliza kama nimelipa ada ya Mhoja,
namjibu sabini na mbili.
Anamimina asali ya Sikonge kwenye chupa za wateja,
uzi mmoja usiokatika,
nami macho yangu yako kwenye ndoo,
kwenye ile inayobaki imeganda ukutani.

Jumapili nikasuka koili:
waya wa shaba wa pampu iliyoungua,
mizunguko mia mbili na kumi juu ya moyo wa chuma.
Nilipotewa na hesabu mara mbili, nikaanza upya.
Nikaongeza dayodi, mlango usiojua kurudisha mtu.

Unaujua mteremko wa njia ya Igombe?
Unaacha kukanyaga, baiskeli inashuka yenyewe,
na kule chini, mahali pa kusimama, haisimami:
mbio ulizoshuka nazo ndizo zinazokupandisha ng'ambo.

Kumi na moja nukta mbili!
Na kule zilikotoka, karibu sifuri.
Mia na ishirini na tano na ushei
kati ya mia na arobaini na nne.
Nilipiga meza, kikombe kikaanguka.

Basi kesho, akasema Luhende kwa sauti ya kunong'ona,
utatoa zaidi ya ulichotia?
Nasikia Nzega kuna mtu ana taa isiyozimika.

Hapana, bwana. Kumi na tisa bado sijaziona.

Nikaifunga relei ifanye kazi hiyo usiku kucha,
jaza, mimina, jaza, mimina,
tika tika tika kama panya mwenye ratiba.
Alfajiri nikaweka kidole kwenye dayodi.
Vuguvugu.
Kama shavu la mtoto aliyelalia upande mmoja.
Kumbe mko hapa, nikasema.

Nyamizi akaingia na daftari la LUKU.
Jana uniti tisa, akasoma. Leo nane na kidogo.
Akaufuata waya kwa macho, kutoka ukutani,
nyuma ya makopo, chini ya kanga,
hadi kwenye pasi ya kulehemu
niliyoisahau ikiwaka tangu jana magharibi.
Akaichomoa.

Mia na ishirini na tano, nikamwambia,
kati ya mia na arobaini na nne.

Na hii, akauliza, yenyewe ilikuwa ngapi?

Nikachukua kalamu.
Bado napiga hesabu.