Hatua Sita kwa Nne

Upepo wa Februari uliangusha mplamu wetu,
ukatuachia shimo, na shimo likatuachia ugomvi.
Hatua sita kwa nne, kati ya tangi la maji
na ukuta wa jirani yetu Zhuzhuna.
Mti mmoja tu. Hata Otia, asiyejua kukadiria chumvi,
alipima mara mbili akakubali: mmoja.

Yeye akasema mtini.
Mimi nikasema mkomamanga.

Tukarudi kutoka soko la Telavi na miche yote miwili,
kila mmoja na ndoo yake, kama mawifi walionuniana.
Tukaiweka chini ya bomba linalovuja, tukaanza.

Mtini, nikamwambia, una mizizi ya mwizi,
utatuvunjia mfereji tungali tumelala.
Utomvu wake unawasha.
Tini likiiva leo, kesho ni la nyigu,
keshokutwa ni uji juu ya kizingiti.
Na baridi ya bonde hili? Kila Novemba
utauvika magunia kama mgonjwa.
Neno lile nililimeza, lakini lilikwisha toka.

Mkomamanga, akajibu, kama hakusikia,
una miiba. Na tunda lake ni kazi ya karani,
punje moja, punje moja,
ukimaliza huna shati.
Mvua ya Oktoba ikilikuta mtini juu
linapasuka lenyewe, kama mtu aliyechoka kutunza siri.

Mtini juu! nikamdaka. Hata ulimi wako hauna mti mwingine.

Tukacheka. Kisha nikamkumbusha ua lake la Juni,
jekundu, gumu kama nta.
Nikamkumbusha kwamba komamanga linakaa:
lifunge kwa gazeti, liweke darini,
Mwaka Mpya utalikuta ngozi imekunjamana
na ndani lingali linameta.
Biringanya bila punje zake ni biringanya tu.

Wiki zikapita. Binti yetu Lamara akapiga simu kutoka Torino:
Pandeni nyanya, mpumzike.

Usiku mmoja nikamsikia akihesabu gizani.
Mtini: mwaka wa pili kuonja, wa tatu kikapu.
Mkomamanga: wa nne. Labda wa tano.
Alikuwa akikunja vidole. Nilivisikia
vikikoma kwenye cha tatu.
Daktari wa Tbilisi alizungumza naye mlango umefungwa;
mimi nilikaa koridoni, nimeshika kofia yake.

Asubuhi, nikichambua maharage, nikasema
kumbe jamu ya tini si mbaya.
Kumbe ukuta wa Zhuzhuna unatunza joto.
Otia akanitazama
kama muuza duka aliyezidishiwa pesa.

Nikaenda kununua mkate. Foleni ilikuwa ndefu.
Niliporudi, shimo limefukiwa,
na mkomamanga umesimama katikati
umefungwa kwenye kijiti kwa tai yake ya harusi.
Alikuwa amekaa juu ya jembe, akihema.

Utahitaji mti wa kubishana nao, akasema.
Mtini unakubali kila kitu.

Sikujibu. Ningejibu nini?
Nikaweka mkate dirishani, nikaenda kuichukua
ndoo iliyobaki nimpelekee Zhuzhuna.
Nikavuta. Haikuja.
Otia akainuka, polepole, tukavuta wawili.
Tukainama kuchungulia: palipokuwa na tundu la kutu
mzizi ulikwisha kushuka, mweupe, mnene kama uzi wa sufi,
ukashika udongo wa pale bomba linapodondoka.
Sisi tulikuwa tunabishana,
wenyewe ulikuwa unapanda.

Otia akapima tena. Hatua sita kwa nne.
Akakuna kichwa, akaitazama ndoo,
akanitazama mimi.

Ndoo, akasema, haihesabiwi.