Moyo wa Mnazi Uko Nje

Fundi aliyenifunza aliniambia:
tafuta moyo wa mti, mengine ni maganda.
Nikalishika neno hilo miaka ishirini na miwili,
kwa mvule, kwa mbambakofi, kwa mwembe uliokufa umesimama.
Ubavu natupa, kiini naweka.

Kisha Mbeyu akaja karakanani kwetu, Barani, Malindi,
na mizani kama ya sonara,
tanuri lisilo la mkate,
na daftari.
Akasema: Leteni mnazi.

Tulicheka. Tsuma alicheka mpaka akaketi kwenye maranda.
Mnazi! Mti wa kuezekea choo na kuvukia mtaro,
mti wa kuuziwa wachoma chokaa kwa mia nne,
mti unaotafuna meno ya msumeno
kama mtoto na hindi la kuchoma.

Hakujibu. Alikata kipande, ukubwa wa sabuni,
akakipima, akaandika,
akakioka, akakipima,
akakioka tena, akakipima tena,
mpaka uzito ukakoma kushuka,
ukatulia kama mtu aliyekwisha kusema lake.
"Yale maji yaliyotoka," akasema, "ndiyo yanayopinda mbao zenu."

Nilitaka kumjibu kwamba zangu hazipindi.
Nikaikumbuka droo ya shangazi,
haijafunga tangu arusi yake.

Mnazi ulitoka kwetu, Ganda.
Ulikuwa haujazaa mwaka wa nne,
lakini mama aliuzunguka, akauwekea kiganja,
akauomba radhi kwa Kigiriama,
maana wa kale walisema akataye mnazi kamkata mamaye,
na mama mwenyewe alikuwa pale,
ananitazama nikiwa na shoka.
Mbeyu akazuia kwanza. Alitaka mashimo mawili,
na ndani yake miche miwili.
Mama akaimwagia maji aliyooshea mchele.
Ndipo tukaangusha.

Ndani, pale nilipozoea kuutafuta moyo,
kidole changu kilizama:
laini kama boflo lililochovywa chai.
Ukingoni, chini ya gome, nyuzi nyeusi zimebanana
kama watu mlangoni pa msikiti asubuhi ya Idi.
Patasi iligonga, ikarudi.
"Moyo wake uko nje," Mbeyu akasema.
"Umeukabili upepo kwa ngozi miaka sabini."

Ubao wa kwanza ulivaa ukungu, mweupe kama unga.
Tukajifunza kulowesha kwa chumvi ya boroni.
Wa pili ulipasuka usiku wa manane,
kofi moja, mbwa wa jirani akabweka.
Mbeyu aliyaandika yote mawili
bila kubadili kalamu,
mwandiko uleule aliouandikia
ule wa sita, uliokubali kunyooka.

Katika wa arubaini na moja
kikatokea kidato:
pengo kama mwezi mwandamo,
alipokanyaga Nyundo, mgema wetu,
asubuhi na jioni, na kibuyu kiunoni.
"Kasoro," Mbeyu akasema. "Weka kando."
Hapo nikamkatalia, mara ya kwanza.
Nilikitia katikati ya meza, nikakijaza gundi angavu.
Akaipakia mawe, kilo baada ya kilo,
akaandika: Na. 41. Kidato. Kimebeba.

Mimi shule niliiachia kidato cha pili.
Sikumwambia.

Meza ilinunuliwa na mwenye hoteli
kwa bei niliyomwomba aitamke tena.
Kabla haijapakiwa, mama alikuja kuiona,
akapitisha kidole penye mwezi ule:
"Hapa Nyundo aliteleza, mwaka wa mafuriko.
Tembo yote ilimwagikia kuku."

Sasa ule ulaini wa ndani
umejaa magunia manane nyuma ya karakana.
Tsuma anaushindilia, unabomoka.
Anaushindilia, unabomoka.
Jana nilimkuta na daftari, anaandika unavyobomoka,
hacheki.
Mbeyu akachungulia ukurasa,
akakunja mikono ya kanzu yake:
Leteni gundi.