Fomu, Sehemu ya Tisa

Mnaniuliza tena: ulijeruhiwa na nini, wapi, nani aliona.
Kisanduku chenyewe kina upana wa vidole viwili.
Nitaandika hadi pembeni, mtanisamehe,
mkono huu wa miaka tisini na miwili haujui tena kupanga foleni.

Jina: Einar Halvorsrud, wa Cloquet, Minnesota.
Miaka thelathini na minane nilipika karatasi
katika kiwanda cha kando ya mto:
magogo yanaingia huku, yanatokea kule
meupe kama shuka za wagonjwa.
Karatasi za shule, za benki, pengine na hizi zenu.
Mfinyanzi hulia gaeni:
nami nimekosa karatasi moja.

Mahali: Korea, Februari ya hamsini na moja,
kilima kisicho na jina. Kilikuwa na namba tu,
na namba yenyewe waliibadilisha.
Mate yaliganda kabla hayajafika chini.
Sisi wa kaskazini tulijidai baridi tunaijua. Hatukuijua.
Mlio wa kombora sikuusikia.
Nilisikia nyonga ikishika moto,
nikadhani, mjinga mimi, nimekalia jiko la kahawa.

Shahidi: Lucero, tabibu wa kikosi, kijana wa New Mexico,
aliyebeba sindano za dawa ya maumivu kinywani
zisigande.
Alitambaa kunijia. Akaifunga nyonga, akatoa penseli,
akailamba ncha, akaandika lebo,
akaining'iniza kwenye kifungo cha koti langu.
Kisha mtu akaita kutoka upande wa pili.
Akaenda.

Lebo ilikwenda na koti,
koti likatiwa motoni pamoja na chawa wake.
Na faili, mnasema, liliungua na wenzake ghalani.
Basi nimeungua mara tatu.

Mwezi wa tatu, katika hospitali yenu ya askari wastaafu,
binti wa zamu alinilaza mbele ya ile mashine ya sumaku,
akatazama picha, akaniinua upesi.
"Mzee, huwezi kuingia humu. Una chuma mwilini."
Nilicheka hadi nikapaliwa.
Wiki ileile barua yenu ilifika:
haukuonekana ushahidi kwamba mwombaji
aliwahi kuingiwa na chuma.
Serikali ni moja. Mlango huu wanifukuza kwa kuwa ninacho,
ule wanifukuza kwa kuwa sina.

Marehemu mke wangu Verna alikijua kabla ya mashine.
Theluji ikikaribia, kilijigeuza chini ya ngozi,
naye alikibonyeza kwa kidole gumba, gizani,
akasema, "Kesho ingiza kuni mapema."
Huo nao si ushahidi, najua. Hakula kiapo.

Fedha sitaki. Na nishani, ule moyo wa zambarau,
nitauweka wapi? Droo imejaa betri
na funguo za magari niliyokwisha kuyauza.
Ila yule kijana alitambaa hatua sitini juu ya barafu
kumwendea mtu.
Mkisema sikujeruhiwa,
alikuwa akimwendea nani?
Aliandika. Niliiona penseli ikitembea.
Huenda ndiyo maneno yake ya mwisho kuandika,
nami ndiye niliyeyapoteza.

Nimeambatisha picha ya nyonga.
Kile cheupe, mfano wa punje ya mahindi, ndicho.
Tafadhali irudisheni, sina nakala.
Na jibu lije kwa barua, si kwa simu:
sikio la kushoto halisikii tangu usiku uleule.
Hilo sikulidai. Kisanduku kimejaa.