Trei Sitini

Picha yangu ilinitangulia Tegeta.
Mimi nipo Boko bado, gia ya tatu,
mayai yananong'ona nyuma, trei sitini,
na afande keshanipokea kwenye simu yake:
kirikuu nyeupe, taa ya kushoto imefungwa gundi,
namba zinasomeka hata na mwenye mtoto wa jicho,
na pembeni, kwa wekundu, hamsini na nane.

"Mama Veridiana," akasoma leseni, "hapa ni hamsini."

Nikauliza kwa upole wa mtu anayedaiwa:
afande, kuna anayekimbia na mayai?
Akacheka. Binti wa juzi tu,
kifuani ameandikwa Nyamizi,
viatu vimekula vumbi tangu alfajiri.
"Mashine haijui umebeba nini, mama."

Kweli, haijui.
Haijui kwamba kibao cha hamsini kimemezwa na mkungu,
tawi limekikumbatia tangu masika ya mwaka juzi
na panga la serikali halijapita njia ile.
Haijui kwamba pale lami inateremka yenyewe,
gari linakwenda kama maji yanavyokwenda,
hata ukiondoa mguu.
Mwenzake aliyejibanza na tochi nyuma ya kibanda cha vocha
hakupachagua kwa bahati.
Mtego huwekwa panya anapopita.

Sijisafishi.
Hamsini na nane nilikuwa.
Mguu wangu naujua:
asubuhi ile ulikuwa unawaza ada ya Koku.

Lakini ipo shule, mbele kidogo, yenye ukuta wa bluu.
Milia ya kivuko imefutika, imebaki kama chaki
juu ya ubao uliofutwa kwa kiganja.
Mwezi wa tatu lori la mchanga lilimkuta pale
mjukuu wa mzee Kihongosi, darasa la pili,
kiatu kimoja kikapatikana kesho yake mtaroni.
Tuliandika barua, wazazi arobaini na mmoja, tuombe tuta.
Tulijibiwa kwa neno moja: bajeti.

"Afande, kwa nini hamsimami pale shuleni?"

Akatazama vile viatu.
"Pale peupe, mama. Madereva wanatuona kutoka mbali,
wanapunguza."

"Wakipunguza?"

"Jioni tunarudi mikono mitupu.
Nani ataeleza ofisini?"

Tukanyamaza wote wawili.
Lori la mchanga likapita, likatupiga upepo.
Hakuliangalia. Alikuwa anaandika jina langu,
kwa mwandiko mzuri, wa mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Trei moja huniachia elfu moja,
kuku wakila vizuri, na yasipopasuka.
Faini thelathini elfu.
Piga hesabu wewe uliyesoma:
nusu ya mzigo imekaangwa barabarani
na sijui imeliwa meza gani.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba hiki nakijaza mimi,
na kila nikichungulia ndani naona kitako.

Mngeniuliza, ningesema: nipeni brashi.
Hizo thelathini ziwe rangi nyeupe,
nipige magoti pale shuleni saa kumi usiku
niichore ile milia mmoja mmoja,
faini yangu ikauke juu ya lami
watoto waikanyage wakienda kusoma.
Ningelipa hata mara mbili.
Ningebaki na chenji ya moyo.

Nililipa Mwenge, kwa simu, chini ya mwavuli wa wakala.
Ujumbe ukaingia kabla sijafunga pochi:
Malipo yamepokelewa. Asante kwa kuchangia maendeleo.
Nikasoma mara mbili, nikitafuta
neno polepole, neno mtoto, neno barabara.

Usiku nimefungua daftari.
Kwenye safu ya Yaliyopasuka nimeandika: trei thelathini.
Koku amechungulia ndoo ya maganda, kavu,
akarudi na kalamu mkononi.
"Mama, mbona leo hakuna hata moja?"

Nimemwambia usifute.