Kolekole wa Msimbati

Alimshika kwa kitambaa kilicholowa,
picha mbili, busu moja,
akamwachia majini taratibu, kama anayelipa deni.
"Nenda, rafiki." Akanigeukia nimsifu.

Nikamsifu. Ndiyo kazi yangu:
kushika usukani, kuchomoa ndoana, kusifu.
Sikutaja damu kwenye matamvua,
wala dakika kumi na saba za kuvutana.

Asubuhi Somoe alimkuta ufukoni Ruvula,
tumbo juu,
jicho limeshaliwa na kaa,
mdomoni tundu letu.

"Nani huyu," akauliza, "anayeua asile?"

Nikasema sijui.
Mfukoni elfu thelathini za mgeni
zilikuwa bado zinanuka samaki.
Mchana nikanunua maharage.